Mkunjaji

Watu hudhani ni hofu.
Waulizeni wenyewe, msiniulize mimi,
mimi hukunja tu parachuti
katika banda la bati kwenye uwanda wa Hungaria,
ambako ardhi ni bapa kama meza iliyofutwa
na alizeti zimesimama hadi ukingoni mwa uwanja wa ndege,
zikitazama juu kuliko sisi.

Miaka ishirini na miwili nakunja.
Kitambaa kikitoka angani huja na baridi yake,
hata Julai, baridi ya mita elfu nne,
nami hukilaza sakafuni, nikakibana kwa magoti
mpaka hewa yote itoke, ikinung'unika
kama mtoto anayekataa kulala.

Basi nawaambia: hofu haimtoi mtu.
Hofu ndiyo iliyomleta.

Dezső alitolewa na goti. Daktari alimwonyesha picha,
gegedu limelika kama sabuni ya mwisho wa mwezi.
Akacheka, akaruka mara mbili zaidi,
ya pili akatua katikati ya alizeti
akakaa humo hadi jua likazama, tukiita, haitiki,
na alipotoka kofia yake ngumu ilikuwa mkononi,
imejaa mbegu.
Akanipa. Nikazikaanga kwa chumvi.
Hakurudi.

Emőke alikuwa na mkopo wa nyumba, wa faranga za Uswisi.
Faranga ikapanda bila ndege,
yeye akashuka.
Mruko mmoja, alisema, ni pea nzima ya viatu vya mtoto,
tena vya baridi, vyenye manyoya ndani.
Akauza mwavuli wake kwa kijana wa Slovakia
aliyeupokea kwa mikono miwili kama bibi harusi,
naye Emőke akageuka ukutani
akajifanya anatafuta funguo.

Wengine hawasemi kitu. Hukosa Jumamosi moja,
kisha Jumamosi inazoea kutokuwepo kwao.

Na Vendel, huyu sijamwelewa mpaka leo,
miruko elfu moja mia tatu na ushei,
alipiga miayo mlangoni.
Taa imegeuka kijani, upepo unamvuta shavu,
naye anapiga miayo kama yuko foleni ya benki.
Akatua vizuri, akanirudishia mzigo, akasema:
"Piroska, jana usiku nilimwosha baba miguu.
Moyo ulinidunda kuliko leo."

Najua mnangoja niseme kuhusu Gáspár.
Haukuwa mkunjo wangu. Wakaguzi waliandika hivyo,
wakapiga muhuri.
Siku ile waliacha sita kwa mpigo;
kabla ya mwezi kwisha wanne walikwisha rudi,
wanauliza kama kahawa ipo.
Mauti, nimejifunza, si sababu inayodumu.

Mimi? Niliruka, ndiyo. Mara mia mbili na kumi na moja.
Siku moja ya Septemba, nimening'inia kwenye kamba zangu
katika kimya kile kinachokuja mwavuli ukishafunguka,
nikaona ua wetu, mdogo kama stempu,
shuka zimeanikwa,
na mtu anatoka, kiganja juu ya macho,
hajui ni yupi kati ya wale saba,
basi anatupungia sote.

Miaka tisa nilikuwa napita juu ya ua ule.
Miaka tisa mama ananipenda kwa jumla.

Aliye juu mngoje chini: watu huisema kwa vitisho.
Mama aliifanya kuwa kazi,
kati ya kuanika na kuanua.

Nikatua. Sikumwambia mtu kuwa ule ulikuwa wa mwisho.
Hata mwavuli sikuuambia;
niliukunja kama kawaida, kwa magoti,
pindo juu ya pindo,
kana kwamba kesho.