Jiwe la Getini

Sikuanza Januari, mwezi wa viapo.
Nilianza Mei, siku ya Jumatano, mvua zikiwa zimekata,
kwa sababu nesi wa Makole alinifunga mkono kwa kile kitambaa,
akakijaza upepo, akakijaza tena, akanyamaza.
Kisha akauliza: "Baba, kazi yako ni ya kukaa?"
Miaka ishirini na sita masijala.
Ya kukaa.

Kesho yake, saa kumi na moja na nusu,
jiwe liligonga geti: ko, ko. Ko.
Nyemo, jirani, mjane, mkaanga maandazi,
ambaye sikuwa nimemwambia chochote.
(Mke wangu alimwambia. Mke wangu huambia.)
"Mbukwa," akasema. "Vaa chochote, twende."
Nikavaa viatu nilivyonunua kwa harusi ya mdogo wangu.

Hadi reli ya Kizota na kurudi. Basi.
Siku ya kwanza niliishia nguzo ya tatu ya umeme,
nikaikumbatia kama ndugu aliyeshuka kutoka Mpwapwa.
Nyemo hakucheka. Alichuma mlenda pori kando ya njia
hadi pumzi yangu iliponirudia.
Siku ya pili, nguzo ya nne.
Siku ya tatu, ya tatu tena. Miguu nayo ina siku zake.

"Usigombane na mwili," alisema.
"Mwili ni ng'ombe. Ukimpiga fimbo analala chini;
ukimtoa kila siku saa ile ile,
kesho anakutangulia kisimani."

Juni, Julai: upepo wa Dodoma, huu usio na adabu,
unaopita mikono ya sweta kuulizia hali ya mifupa.
Vumbi kwenye meno. Blanketi linabembeleza kuliko mke.
Lakini jiwe: ko, ko. Ko.
Watoto wa shule wakaniita Afande.
Nikajifunza kuchuchumaa mara kumi nikishika nguzo,
kubeba madumu mawili ya maji bila kuyaweka chini,
kula ugali wa uwele nusu ya ule wa zamani,
kulala kabla taarifa ya habari haijaisha.
Oktoba jua likawa linachomoza na hasira;
tukaiwahi, saa kumi na moja kamili.
Mkanda ukaomba tundu jipya. Nikautoboa kwa msumari.

Halafu mvua ya kwanza, Desemba.
Nyemo akafunga jembe kwa kamba, akapanda basi la Mvumi
kulima shamba la mama yake.
Geti likanyamaza.

Nilisema nitapumzika siku mbili, tope likauke.
Tope la siku mbili lilikaa wiki saba.
Nilizijua sababu zote kwa majina:
korongo limejaa, soli imebanduka, mgeni, msiba,
mafua, Jumapili, siku inayofuata Jumapili.
Mkanda ukarudi kwenye tundu lake la kuzaliwa.
Na ngazi za masijala, ambazo ni nane tu,
zikaanza kuniuliza swali la nesi.

Alfajiri moja ya Februari,
zabibu zikiwa zinauzwa kwa ndoo barabarani,
niliamka kabla ya adhana. Hakuna aliyeniita.
Nikatoka na khanga ya mke wangu mabegani,
nikafungua geti, nikalifunga, nikasimama nje,
nikaokota lile jiwe. Lilikuwa palepale,
limeota kijani upande wa chini.
Nikaligonga geti langu mwenyewe: ko, ko.
Ndani mke wangu akaguna: "Nani?"
Nikakosa jibu la haraka.
"Mimi," nikasema. "Nimekuja kujipitia."
Ko.

Nilifika nguzo ya tano. Nikaikumbatia.

Nyemo alirudi Aprili, amekaushwa na jua,
akanikuta natoka reli, yeye ndiyo kwanza anakwenda.
Hakunisifu. Alitazama miguu yangu.
"Hivi vimekufa," alisema. "Jumamosi twende mtumba, Sabasaba."
Nikageuza. Tukaenda tena hadi reli,
mara yangu ya pili siku hiyo, taratibu,
umande ukilowesha ndala zake
na viatu vyangu vya harusi.