Kisicho na Mzizi

Bergen mvua hainyeshi, inakaa.
Inaingia na mgeni, inatundikwa pamoja na koti,
inashuka ngazi za mbao kuelekea bandarini
na jioni inatutangulia nyumbani.

Nyuma ya nyumba ya mama, chini ya msonobari
ambao baba alikataa kuupunguza matawi,
matuta matatu ya stroberi na moja la kabichi
yamevaa kijani kisichopandwa na mtu.
Kuvumwani: nusu jina la kuvu, nusu jina la mwani,
na yenyewe si hiki wala kile.
Haina ua, haina mbegu, haina mzizi.
Ndiyo shida yake.
Kisicho na mzizi utakishika wapi uking'oe?

"Chokaa, Torbjørg," anasema Halvdan juu ya uzio,
kama alivyomwambia baba miaka ishirini na sita.
"Udongo wenu mchachu. Mwaga chokaa, ulale."
Baba alimwaga. Stroberi zikapauka majani.
Kuvumwani ikaugua siku tisa,
ya kumi ikaamka na kuomba chai.

Mwaka mwingine kijana wa dukani akamuuzia unga wa chuma.
Ikawa nyeusi, nyeusi ya nywele zilizoungua,
tukafurahi, tukala keki.
Alama ya kutu ya viatu vya baba ipo kizingitini mpaka leo,
haitoki kwa sabuni.
Kuvumwani ilirudi kabla keki haijaisha.

Baba alikufa Februari.
Aprili mama akanipigia simu:
"Njoo na mgongo wako, wangu umekwisha."
Nikamkuta amevaa koti la baba,
mikono imekunjwa mara tatu.

Hakutaka chokaa. Alichoma uma wa bustani tutani,
akauyumbisha, akauchomoa,
na matundu manne yakajaa maji mbele ya macho yetu,
polepole, kama mtu anayekumbuka.
"Unaona," akasema. "Mjumbe hauawi,
na sisi tumemuua kila mwaka."

Tukachimba mfereji hadi mtaroni. Siku mbili.
Nikapanda msonobari na msumeno wa Halvdan
(aliuleta mwenyewe, akabaki kusimamia),
matawi yakaanguka, na mwanga
uliokuwa ukiishia kwenye paa la banda
ukafika chini, ukashangaa.
Tukachanganya mchanga, changarawe, majani yaliyooza.
Kuvumwani tuliibandua kwa vidole:
inatoka kama zulia, kama kigaga cha kidonda kilichopona,
na chini yake udongo baridi, wenye harufu ya stoo.

Kwenye ukingo wa tuta la kabichi mama akasimama.
Pale ilikuwa nene kuliko kwingine kote,
miviringo miwili iliyolala sambamba,
kila mmoja umezidi kidogo kisahani cha chai.
Mimi nilikuwa nimeshainua reki.

"Acha."

Sikuelewa. Akashuka,
akaweka goti la kulia, kisha la kushoto,
na nafasi ikabaki pande zote:
baba alikuwa mtu mkubwa.

Udongo ulioshindiliwa haunywi. Maji hutuama juu yake,
na kuvumwani hupenda hapo. Hilo halina siri,
kila mkulima analijua.
Miaka ishirini na sita alipiga magoti palepale
kuing'oa,
na kila alipoing'oa
aliitandikia kitanda.

Stroberi za mwaka ule zilijaza bakuli mbili,
ndogo, chachu kidogo.
Halvdan alizionja, akasema: chokaa.

Kisha Juni, ajabu ya Bergen, siku kumi na moja bila tone.
Mabati yalilia kwa joto, paka wa jirani alilala barabarani.
Usiku ule usio na giza nilichungulia dirishani
nikamwona mama katika koti lile,
birika mkononi,
ameinama kwenye ukingo wa kabichi,
anamimina
huku, kisha huku.