Swali la Kumi na Mbili

Keko Machungwa, nyumba ya sita tangu asubuhi.
Bi Mwajabu kanitandikia mkeka barazani,
kakunja kanga magotini, kajiweka sawa
kama mtoto aliyekariri.

Nauliza. Anajibu kabla swali halijatua.
Mbu? Hapana. Choo cha pamoja? Hapana.
Jasho? Kupeana mkono msibani?
"Mwanangu, hayo tumeyasikia tangu redio ya mbao."
Swali la kumi na mbili: kuchangia kikombe?
Anacheka hadi anajishika ubavu.
"Kikombe! Kikombe kina damu?"
Natia vema.
Kapata yote. Mimi niliyefundwa wiki mbili
nilikosa moja.

"Ngoja nikutilie chai."
Ukutani misumari minne, bega kwa bega,
vikombe vinne vya bati vyenye ua jekundu.
Mbali kule, karibu na mlango wa choo,
msumari wa tano, kama mjane aliye edani,
na kikombe cha plastiki, kijani,
kimefungwa uzi mweusi mkononi.

"Kile cha nani?"
"Cha Zena, mdogo wangu." Sauti inashuka.
"Yule... si unajua. Anatumia."

Anatumia. Kakanyaga miwaya. Ana ngoma. Ana umeme.
Mji huu una msamiati!
Jina lenyewe tu ndilo halina mdomo.

"Lakini umesema, Bi Mwajabu..."
"Nimesema ninachokijua. Kujua najua.
Mkono wangu ndio haukwenda semina."

Natafuta kwenye dodoso sanduku la mkono.
Kuna Ndiyo, kuna Hapana, kuna Sijui.

Zena anapita na ndoo mbili, hamwagi hata tone,
shingo imejaa, afya kunishinda.
"Karibu, mgeni." Anamimina mtungini
maji ya chai ya nyumba nzima.

Chai inakuja kwenye bati lenye ua. Tangawizi kali.
Nainywa taratibu, mkoba mapajani,
na ndani yake, chini ya makaratasi, kopo
nililolishindilia pamba
ili vidonge visilie nikitembea.
Saa tatu usiku. Mwaka wa saba huu.

Nataka kusema. Nafungua mdomo kabisa.
"Asante kwa chai."

Bi Mwajabu anapokea kikombe changu,
anakisuuza kwa maji ya Zena,
anakitundika palepale kilipotoka,
katikati ya vyake,
vinagusana.