Karani wa Uani

Asubuhi ya Tukuyu haipambazuki, inavuja.
Mvua imekesha kwenye migomba, imekesha kwenye bati,
na mimi, kabla ya kuni, kabla ya chai,
nainama kusoma tope.

Karani huandika kila alfajiri, kutoka bandani hadi mferejini:
vidole vitatu na utando, vidole vitatu na utando,
mwandiko wa mtu aliyesoma kwa wamisheni.
Jumatatu ile nikakuta mguu mmoja kamili
na wa pili nukta.
Kamili, nukta.
Kamili, nukta.

Nikamnasa kwa khanga kuukuu, nikamfunika kichwa
(bata asipoona hutulia),
nikampindua kama mtoto wa kubadilishwa nepi.
Chini ya wayo wa kushoto, uvimbe kama punje ya njugu,
juu yake kigaga cheusi, kigumu, kichwa cha msumari.
Changarawe, labda. Au ile zege
aliyoimwaga Ambakisye mlangoni tusiteleze.
Tusiteleze sisi. Bata hakuulizwa.

Bwana mifugo akaja na pikipiki, tope hadi magotini.
“Usaha umekauka ndani, mama. Loweka.
Maji ya vuguvugu, chumvi, robo saa, asubuhi na jioni.
Kigaga kikilainika, usikivute kwa hasira.”
Akaandika jina la dawa nyuma ya risiti ya mbolea,
kisha akalitupia jicho sufuria langu:
“Au basi. Pasaka si mbali.”
Hakusema kwa ubaya.
Bata wa elfu kumi na tano, dawa ya elfu nane,
na nauli ya kuifuata:
hesabu hiyo hata Lusekelo wa darasa la pili anaitoa.

Sikwenda dukani.
Juu ya kabati lilikuwepo boksi:
gozi, plasta, ayodini chini ya nusu chupa,
mkasi wenye ncha butu.
Sikuwa nimeligusa tangu Juni ya mwaka juzi.
Ule nao ulianza kama punje ya njugu,
mguu wa kushoto, wa mtu mrefu
aliyesema, “Kajiwe tu, Tupokigwe, kaliingia kiatuni,”
akaenda kuchuma chai wiki nzima juu yake.
Sukari, walisema hospitali.
Mwenye sukari husahauliwa na nyayo zake.
Kufunga gozi nilijifunza nimechelewa.
Nilijifunza vizuri.

Basi beseni lile lile la bluu, Karani ndani yake
kama abiria aliyelipa nauli.
Akanya. Nikabadilisha maji.
Akanya tena, akinitazama kwa jicho moja.
Siku ya tano kigaga kikaachia chenyewe,
kikatoka na kokwa la njano, gumu kama ukoko wa ugali.
Nikaosha. Nikapaka. Gozi kati ya vidole,
zungusha juu ya kifundo, usikaze, damu ipite.
Mikono ilikuwa inakumbuka; mimi niliiangalia tu.
Kiatu nikakikata kwenye mpira wa ndani wa baiskeli.
“Bibi, bata kavaa raba!” Lusekelo akacheka hadi akakaa chini.
Anyisile wa jirani hakucheka.
Alileta gunia la maranda ya mbao, akalimwaga juu ya zege,
akaondoka bila kuaga.

Wiki ya tatu leo. Mvua bado.
Nimeinama: mguu kamili,
na wa pili, ile nukta imeota mkia.
Mkato.
Nikasimama pale na kuni mkononi,
maji yakiningia shingoni,
nikisubiri kama mtu anayesomewa barua
na msomaji amekohoa katikati.

Kisha nikaingia ndani, nikavua ndala,
nikauinua wayo wangu mwenyewe
kwenye mwanga wa dirisha.