Nusu Volti

Saa nane usiku, Yerevan, ghorofa ya tano,
chipu yangu inasinzia.
Nimeipa nusu volti tu, ndivyo mteja anavyotaka:
betri ndogo kama punje ya dengu
ikae ndani ya sikio la mzee asiyesikia.

Ishara inafika langoni, inasimama.
Mbele yake waya mrefu, na mwisho wa waya
milango elfu inangoja kusukumwa kwa pamoja.
Kizingiti hakikupungua hata kidogo;
anayepaswa kukiruka ndiye aliyekatwa magoti.

Nilipanga vigeuzi kama watu wanaopokezana ndoo,
mdogo amsukume aliyemzidi mara tatu,
naye amsukume mwingine, mara tatu tena,
hadi jitu la mwisho lijitwike waya.
Kwa volti nzima wanakimbia.
Kwa nusu, baridi ikifika arobaini chini ya sifuri,
wimbi kwenye skrini linapanda
kama mama Varduhi na gunia la viazi,
lifti imekufa, ngazi mia na kumi.

"Ongeza upana," anasema Hovik.
Nimeongeza. Wamenenepa, wamekula umeme, hawakukimbia.

Baridi naijua.
Nilikuwa na miaka saba. Umeme ulikuja saa moja kwa siku,
nao ulikuja umechoka, balbu ikawa rangi ya chai.
Tulichoma mbao za sakafu.
Tulichoma viatu vya marehemu bibi, kimoja leo, kimoja kesho.
Majirani walivuta waya gizani kutoka njia ya mabasi ya umeme;
tukauita umeme wa kushoto,
na wa kulia hakuna aliyeuliza uko wapi.

Babu Mkhitar aliuza gari, akabaki na betri mbili.
Ile saa moja alizijaza.
Redio yake ya jeshi ilitaka ishirini na nne;
kila betri, kumi na mbili.
Hakulalamika. Aliipandisha moja mgongoni mwa mwenzake,
akakaza waya kwa meno,
na sauti ikaja kutoka mbali, mechi ya sataranji:
"Hatua ya thelathini na moja. Farasi kwenda..."
Ikakatika.

Basi nachora kapasita.
Ishara ikilala, ijae.
Ishara ikiamka, ipande mgongoni mwa umeme uleule,
na lango lione karibu volti nzima
ambayo hakuna aliyeileta.

Wimbi limesimama wima!
Pikosekunde tisini; jana zilikuwa mia sita.
Nampigia Hovik meza. Amelala,
miguu ndani ya kikapu cha taka.

Kisha napandisha joto, digrii themanini na tano,
kwa sababu lazima.
Chaji inavuja. Kidogo, halafu si kidogo,
na lango linashuka kabla waya haujafika mwisho.

Nakujua, kukatika wewe.
Nafungua mchoro upya.
Farasi alikwenda wapi, babu?