Vipande Ishirini na Kimoja

Gigabaiti arubaini na mbili za usiku mmoja:
wanawake wa Mkomani bila buibui,
vikuba vya asumini vifuani, hina mbichi,
na mamake bi harusi, Bi Shumi, akicheza
kama hana goti bovu.
Nilipiga mimi, kwa kamera yangu.
Sharti lilikuwa moja, nikaliapia:
isipite mkononi mwa mwanamume.

Kwa hiyo si diski ndani ya bahasha,
si fulani anayepanda ndege Manda siku ya Jumanne.
Iende yenyewe, imefungwa kwa nenosiri,
hadi Doha kwa Swabra, dada mtu,
ambaye hospitali ilimnyima likizo.

Siku ya kwanza, asilimia tisa.
Siku ya pili, kumi na nne, kisha sufuri.
Sufuri! Umeme ulipepesa mara moja tu
kama jicho lililoingiwa na mchanga,
kazi yote ikawa haijapata kuzaliwa.

Nikamwita Lali, fundi wa Langoni.
Kabla hajavuka daka nilifunga kompyuta,
nikaifunika kanga. Akaona, asiulize.
Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole.
"Huu dhiraa nzima. Matumbawe na chokaa.
Waliojenga walitaka joto lisiingie
wala siri isitoke.
Wewe wataka itoke."

Kile kisanduku cha taa za kijani
kiko chini kwa shemeji, nyuma ya televisheni.
Mimi niko juu, kuta tatu kati yetu;
mtandao unanifikia umechoka,
kama salamu iliyopitia vinywa kumi.

Akanieleza na ambalo muuzaji hakulisema:
hamsini ya kwenye karatasi ni ya kuteremsha.
Ya kupandisha ni tano.
Twalishwa kwa pakacha, twajibu kwa kijiko.
"Na hiyo tano," akasema, "hapa ulipo
haifiki hata moja."

Basi waya. Upite wapi?
Mama mkwe, Bi Mwanakheri, alisimama mbele ya zidaka
mikono kiunoni: hakuna keekee
itakayogusa ukuta wa babake, si yeo, si kesho.
Tukanyamaza sote watatu. Chai ikapoa.

Ni yeye mwenyewe aliyekumbuka:
kuna tundu nyuma ya kidaka cha tatu
walimopitisha kamba ya kengele
mwaka ambao bibi yake aliugua juu,
akawa anaita na chini hawasikii.

Tulichokonoa kwa ufito.
Likatoka vumbi, kiota cha nyigu,
na ushanga mmoja wa kijani
ambao Bi Mwanakheri aliutia mkobani bila neno.
Kisha mita ishirini na nne za waya
zikapanda mahali pa kamba.

"Na usibebe gunia zima," Lali akaniambia mlangoni.
"Lipime kwa vibaba.
Kikimwagika kimoja, umemwaga kimoja."

Nikaikata vipande ishirini na kimoja.
Saa nne usiku, simu za watoto zimelala,
cha kwanza kikaondoka: dakika hamsini na tatu.
Nililala sakafuni karibu na waya
kama anayelinda mgonjwa.
Asubuhi umeme ukakatika, cha kumi na mbili njiani.
Ukarudi. Nikakirudia hicho peke yake,
nikacheka peke yangu.

Cha mwisho kilifika karibu na magharibi.
Kwa Swabra, huko waliko na neema ya kasi,
zilishuka zote kwa muda wa kukoroga uji.
Kisha kimya. Saa moja. Saa mbili.
Nikadhani nenosiri limekataa.

Ujumbe ukaja, sauti yake ndogo,
nyuma yake kitanda cha magurudumu kikipita:
"Mama… goti limepona?"

Nikamwandikia: halijapona.
Ule waya mwembamba ukaupeleka mara moja,
bila asilimia yoyote.