Mchi

Zimeshuka na basi la usiku kutoka Mombasa,
nne, zimeviringishwa kwenye mkeka uliochakaa,
rimu za rangi ya shaba, inchi kumi na nane, upana tisa na nusu,
na konda akanitoza nauli ya watu wawili
akisema hata watu wawili hawana uzito huu.

Gari langu ni dogo. Milango miwili, pua ndefu,
wekundu wake umechoshwa na chumvi.
Nililinunua kwa Mtaliano aliyerudi kwao bila kuaga.
Miaka minane ya kusoma mita za maji za watu,
ndiyo hiyo, imesimama chini ya turubai.

Fundi Ngowa hapimi kwa macho.
Alilala chali juu ya gunia, rula mdomoni,
akasema: Bunu, ndani kuna nafasi, nje hakuna.
Gurudumu pana ni mgeni mnene,
mkaribishe, lakini kwanza sogeza viti.
Kisha akanituma unga.
Unga?
Wa chapati, uliokandwa, usiwe laini sana.
Nikaenda kumega donge nyuma ya mgongo wa mama.
Tukalibandika chini ya ukingo wa madigadi,
tukazunguka mpaka Barani na kurudi,
likatoka limebonyea, jembamba kama ukucha.
Milimita tatu, alisema Ngowa, kati ya mpira na chuma.
Inatosha?
Ukiwa peke yako, inatosha.

Siku tatu nilikuwa peke yangu.
Barabara ya Lamu alfajiri, kabla ya mikokoteni,
gari limekaa chini, limetanua miguu
kama mpiga mieleka anayengoja filimbi.
Vijana wa bodaboda waligeuka wote kwa pamoja.
Kila kioo cha duka kilinirudishia ubavu wangu
nami, nakiri, nilipita mara ya pili
nikijifanya nimesahau kitu.

Ijumaa mama akataka kupelekwa kwa daktari wa meno.
Akakusanya buibui lake mapajani:
Mbona kiti chini hivi, nimekalia mbuzi?
Tuta la kwanza, karibu na msikiti,
krrrp.
Tuta la pili, krrrp, na harufu ya mpira.
Hakuuliza. Alitazama mbele,
karafuu ameibana kwenye jino bovu,
na tulipovuka la tatu akasema taratibu:
Gari hili halinitaki.
Ningeweza kusema ni springi. Ningeweza kulaumu kaunti
na matuta yake. Lakini zile milimita tatu nilizijua,
nilizipima kwa unga wake mwenyewe.
Tukaegesha. Njia iliyobaki tulikwenda kwa miguu,
yeye mbele.

Jioni Ngowa akasema ukingo lazima ukunjwe.
Mashine ya kazi hiyo iko Mombasa.
Mimi niletee mti wa mviringo, mgumu,
uliozoea kupigwa.
Nilijua mti gani. Safari hii niliomba.
Mama alinitazama, akatazama kinu, akanitazama tena.
Mchi wa mkwaju, alikuja nao harusini kutoka Mambrui.
Ukivunjika, alisema, utatwanga kwa hizo rimu.

Tukauchomeka kati ya tairi na chuma.
Ngowa aliupasha ukingo moto ili rangi isipasuke,
mimi nikasukuma gari, mbele, nyuma, mbele,
mchi ukibingirika, ukikilalia chuma kidogo kidogo
mpaka kikainama kama pindo la kanzu.
Rangi ilipasuka mahali pamoja. Nimepaacha.

Nimeurudisha nikiwa nimeusugua kwa sabuni na majivu,
lakini alama imegoma:
mistari ya tairi, myeusi, imeuzunguka kiunoni
kama shanga.
Mama ameupindua, anatwanga pilipili manga
wala hasemi neno.

Jumatatu jino linang'olewa.
Kwenda ni matuta sita.
Amesema atayahesabu kwa sauti.